Taa ya Chumba cha Vidonda

Vifaranga walikuwa wametawanyika vizuri. Hicho ndicho kitu alichokitazama kila asubuhi kabla hata ya kutundika mkoba wake msumarini. Wakijibana katikati chini ya taa, wanaona baridi. Wakikimbilia ukutani na kuachama midomo, wanaungua. Wakitapakaa chumba kizima, huyu anadonoa, yule amelala ubavu kama mlevi, basi joto limekaa sawa na mtu anaweza kupumua. Kazi yake ilikuwa hiyo: kutazama, kisha kupandisha au kushusha minyororo iliyoshikilia taa nyekundu. Kipimajoto kilivunjika zamani, na tajiri hakuona haja ya kununua kingine wakati macho ya Mama Vifaranga yapo.

Mama Vifaranga ndilo jina walilompa kazini, na lilimkaa. Alibadilisha maji, akafagia maranda yaliyolowa, akashusha taa moja ya pembeni, kisha akamfuata msimamizi aliyekuwa mlangoni na kikombe cha chai.

"Bosi, leo ni siku ya mume wangu hospitali. Naomba nitoke, nitarudi upesi."

"Tena?"

"Kidonda kinafunga, bosi. Daktari amesema tusikatishe."

Msimamizi akapuliza chai. "Nenda. Ila kifaranga akifa ukiwa huko, atakatwa kwenye mshahara wako. Hawa wana thamani, ujue."

Alijua. Kila siku alikuwa anaambiwa.

Mumewe alikuwa fundi mwashi, na watu wote walimwita Fundi, hata yeye mkewe. Msimu wa mvua uliopita alikanyaga msumari kazini. Ukapenya soli ya buti, ukamwingia unyayoni, naye akaendelea kusiliba ukuta hadi jioni. Alipovua buti ndipo alipoona soksi imejaa damu. Kisa hicho alikisimulia kwa majivuno. "Msumari mzima, na mimi sina habari!" Watu wakamsifu kwamba huyo ndiye mwanamume, si hawa wa siku hizi wanaolia wakichomwa sindano. Hospitali wakampima, wakasema ni kisukari, wakampa vidonge, wakamwambia aache sukari, wakaita anayefuata. Mkandarasi naye akaita fundi mwingine.

Kidonda kikagoma kupona. Kilikula unyayo kidogo kidogo, kikanuka, hadi daktari akaanza kutaja kisu. Nesi wa chumba cha vidonda ndiye aliyesema wajaribu taa kwanza. Ilikuwa taa ndefu yenye magurudumu, iliyomulika wekundu na kutoa miale ya joto ambayo jicho halioni. "Inaita damu," nesi alieleza. "Damu ikija, nyama inarudi." Na kweli ilirudi. Wiki baada ya wiki kingo za kidonda zikawa na rangi ya waridi, harufu ikaisha, Fundi akaanza kuulizia ni nani anajenga wapi. Mama Vifaranga alikaa pembeni kila mara akitazama. Alipenda hasa jinsi nesi alivyoweka kiganja chake kando ya ule mguu, chini ya mwanga, tangu taa inapowashwa hadi inapozimwa, huku akipiga soga na mgonjwa. Aliwaambia majirani kwamba yule sista ana roho nzuri, anamliwaza mgonjwa kama mtoto.

Siku hiyo walifika wakakuta foleni imefika nje. Walipoingia, pale pembeni ya kitanda palipokuwa na taa palikuwa na ndoo.

"Sista, taa iko wapi?"

Nesi alikuwa anakata bandeji. Hakuinua uso. "Imepelekwa juu."

"Juu wapi?"

"Kwa Mkuu. Mgongo unamsumbua." Akalitamka neno mgongo kama anayetema mbegu. "Walikuja kuichukua jana. Nimeuliza itarudi lini, nikaambiwa nisiwe na mdomo. Fundi, lete mguu nikuoshe. Leo tutafunga hivi hivi."

"Na wiki ijayo?" Fundi akauliza.

"Wiki ijayo nayo ni ya Mungu, kaka yangu."

Mama Vifaranga aliutazama ule mguu. Kidonda kilikuwa kimebaki na upana wa kifuniko cha chupa, chekundu, safi. Kazi yote ile, nauli zote zile, mapumziko ya kuombaomba kwa msimamizi, vyote vilikuwa pale, zimebaki hatua chache kufika. Na mtu mmoja anaumwa mgongo! Hasira ikampanda hadi masikioni. Alimwacha Fundi kitandani akapanda ngazi.

Karani wa Mkuu alimwambia Mkuu hayupo. Lakini chini ya mlango ulitokeza mwanga mwekundu, na mwanga huo Mama Vifaranga aliujua kuliko karani alivyomjua mama yake. Akagonga na kuingia kwa mpigo mmoja.

Mkuu wa hospitali alikuwa amelala kifudifudi kwenye kochi, shati limevutwa hadi mabegani, simu mkononi. Taa ya chumba cha vidonda ilisimama juu yake ikimulika mgongo mpana, mweupe kwa mafuta ya kujipaka. Mgongo wenyewe haukuwa na hata mchubuko.

"We mama! Nani kakuruhusu?"

"Samahani, mzee. Nimefuata taa."

"Taa?"

"Ya vidonda. Mume wangu yuko chini, mguu wake ulikuwa unakaribia kufunga. Nusu saa tu, mzee, kisha nitairudisha mwenyewe."

Mkuu aliinuka taratibu, akashusha shati. Alionekana kuona haya kidogo, na mkubwa akiona haya hutafuta mdogo wa kumtwika. "Hii taa ni ya hospitali," akasema. "Mimi ni wa hospitali. Kosa liko wapi? Mnadhani hizi kazi za kukaa ofisini hazina maumivu?"

"Sijasema hivyo, mzee."

"Unafanya kazi wapi wewe?"

"Kwenye shamba la kuku. Nalea vifaranga."

Hapo Mkuu akacheka, kicheko cha kweli, hadi akajishika kiuno. "Sasa mama, wewe una taa tele halafu unakuja kuning'ang'ania mimi? Zile zenu za kuku si ndizo hizi hizi? Joto ni joto! Mwangazie huko huko nyumbani, utuepushie foleni." Akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Haya, nenda salama."

"Asante, mzee," akasema Mama Vifaranga.

Ndiyo, alisema asante. Ndivyo tulivyofundishwa, tukitupiwa mfupa tushukuru, hata kama umetolewa kwenye mguu wetu wenyewe. Na kwenye ngazi, akishuka, aliyarudia yale maneno akayaona yana maana. Joto ni joto. Yule ni Mkuu wa hospitali nzima, ana vyeti ukutani, atakosea vipi? Hasira ikapoa, ikawa karibu furaha. Alitaka kumwambia nesi, lakini nesi alikuwa ameshaita mgonjwa mwingine, mlango umefungwa, na watu wa foleni hawakutaka kusikia habari ya mtu kuingia mara ya pili.

Alimpeleka Fundi nyumbani, akarudi shambani. Taa za akiba zilikuwa stoo, kwenye boksi. Alimwomba msimamizi moja hadi jioni.

"Taa hazitoki," msimamizi akajibu. "Leo taa, kesho utaniomba kuku."

Saa ya mapumziko alichukua moja akaizika ndani ya ndoo ya pumba, akapita nayo getini. Alijiambia kwamba hajaiba, ameazima bila kuuliza.

Chumba chao kilikuwa kimoja, kwenye nyumba ya vyumba vinane vilivyopangana mlango kwa mlango na korido katikati. Mwenye nyumba aliishi chumba cha mbele ili asipitwe na kitu. Alipiga marufuku pasi, jiko la umeme, hita, redio kubwa na wageni wanaolala. Akisikia mita inazunguka kwa kasi alipita mlango kwa mlango akinusa kama paka. Aliyekamatwa alitolewa vitu nje siku hiyo hiyo, na kodi aliyokwisha lipa haikurudi.

Kwa hiyo Mama Vifaranga alitundika blanketi dirishani. Akafunga taa kwa waya kwenye boriti juu ya kitanda, akaishusha kwa urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, kama anavyoishusha kwa vifaranga wa siku ya kwanza. Akaiwasha. Chumba kikawa chekundu. Fundi akanyoosha mguu, bandeji imefunguliwa, akacheka.

"Leo nami nimekuwa kifaranga. Usinisahau pumba."

"Nyamaza, watu wasisikie! Joto liko sawa?"

"Poa kabisa. Halichomi hata kidogo."

Alimtazama usoni. Ndivyo alivyojua kupima joto, kwa kumtazama aliye chini yake. Uso wa Fundi ulikuwa umetulia, hakukunja hata paji. Angesogea kama linaunguza. Kila kiumbe husogea. Hapo aliridhika, akaenda kusimama mlangoni kulinda.

Mwenye nyumba akaja. Bila shaka alikuja! Alisimama koridoni mikono nyuma, akaanza na habari ya maji yanayomwagwa ovyo bafuni, akaenda kwenye viatu vinavyoachwa nje, akarudi kwenye maji, akafika kwenye kodi itakayopanda mwezi ujao kwa sababu kila kitu kimepanda. Mama Vifaranga alijaza mlango kwa mwili wake wote na kuitikia. Ndiyo, baba. Kweli, baba. Viatu tutaviondoa, baba. Nyuma yake hakuthubutu hata kugeuza shingo, maana angegeuka mwenye nyumba angechungulia. Alimsikia Fundi anakoroma, akashukuru Mungu kwamba angalau amepata usingizi.

Mwenye nyumba alikuwa katikati ya neno pale harufu ilipomfikia. Yeye alidhani ni mtu anapika. Mama Vifaranga alijua zaidi. Mara moja shambani taa ilikatika mnyororo ikaangukia vifaranga, na harufu ile hakuisahau.

Alimbamizia mwenye nyumba mlango usoni. Ngozi ya unyayo ilikuwa nyeupe, imevimba malengelenge hadi juu ya kifundo, na pale katikati, pale pa rangi ya waridi palipobaki kidogo tu kufunga, palikuwa pameiva. Fundi alikuwa bado anakoroma.

Ni kule kukoroma kulikomvunja. Alipiga yowe hadi nyumba nzima ikatoka.

Hospitali, daktari wa zamu aliukagua mguu akatikisa kichwa, akasema watamlaza, na kesho asubuhi watakata chini ya goti. Aliyasema hayo kwa sauti ya kuagiza soda. Fundi hakulia. Aliuliza kama siku hizi mabuti yanauzwa moja moja.

"Nilikuunguza," mkewe akamwambia. "Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu."

"Wewe ulikuwa unanilinda," Fundi akasema. Kisha akageukia ukutani, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Nesi wa chumba cha vidonda alikuja mbio baada ya kusikia. Alimvuta Mama Vifaranga koridoni, karibu na benchi la wagonjwa waliokuwa bado wanangoja kuoshwa.

"Dada, ulimwekea mkono?"

"Mkono gani?"

"Mkono wako! Kando ya mguu, kama mimi ninavyofanya!"

Mama Vifaranga alimkodolea macho. "Si ulikuwa unamliwaza?"

"Mungu wangu." Nesi akajishika kifua. "Mguu wake umekufa ganzi, dada. Kisukari kimeua hisia. Ndiyo maana msumari hakuusikia. Mtu wa namna ile hata umchome kaa la moto atakuambia poa. Mkono wangu ndio uliokuwa unasikia joto badala yake. Nikiona linanizidi, nasogeza taa."

Maneno ya Fundi yakamrudia Mama Vifaranga. Msumari mzima, na mimi sina habari. Walimsifu kwa hilo! Walikaa wakicheka na kumpiga mgongoni, kumbe walikuwa wanasifu ugonjwa.

"Mbona hukuniambia?" Mama Vifaranga akauliza polepole. "Nimekaa pale wiki zote hizo. Nina masikio. Mbona hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia?"

"Sikukuambia," nesi akasema, machozi yamemlengalenga. "Watu hamsini wako nje, niko peke yangu. Nilidhani taa itakuwa hapa. Sikudhani utaenda kuwasha yako."

Angemjibu, na jibu lingekuwa kali, lakini viatu vya Mkuu vilikuwa vinashuka ngazi. Alikuwa anaelekea kwenye gari lake, mkoba kwapani. Aliona kundi, akaona machozi, akataka kujua kuna nini, na daktari wa zamu akamweleza kwa kifupi. Mkuu alipaza sauti ili benchi zima lipate somo.

"Mnaona? Hii ndiyo shida ya watu wetu! Mtu anatibiwa vizuri, halafu anakwenda kuchomwa na mkewe kama mshikaki. Mama, nani alikuambia umtibu binadamu kwa taa ya kuku?"

"Wewe," akasema Mama Vifaranga.

"Nini?"

"Wewe hapo. Leo asubuhi. Ulikuwa umelala kifudifudi juu ya kochi, shati mabegani, taa ya vidonda inakukanda mgongo. Ukaniambia joto ni joto."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Mkuu alitazama kushoto na kulia. "Huyu mama amechanganyikiwa," akasema. "Ni uchungu, tumwelewe. Mlinzi, kaa karibu." Kisha akatazama saa yake, akaingia kwenye gari, akaenda zake. Hakuinama hata kidogo wakati wa kuingia garini, wala hakushika kiuno. Mgongo ulikuwa umepona.

Mama Vifaranga alibaki amesimama. Mguu ulikuwa umekwenda. Maji yakimwagika hayazoleki. Kesho msimamizi angehesabu taa stoo. Chumba pengine kilikuwa tayari kimefunguliwa na vitu vyao viko barazani. Alilitazama benchi. Kulikuwa na kijana aliyefunga mkono kwa shuka, bibi mwenye magongo, mwanamke mnene aliyekuwa anafukuza nzi kwenye goti lake. Wote walikuwa na vidonda, na wote wangeambiwa taa imepelekwa juu.

Akapanda ngazi. Hakukimbia. Karani alikuwa anafunga madirisha ya ofisi ya Mkuu, akageuka na kukuta taa imeshachomolewa.

"Mama! We mama, hiyo ni mali ya ofisi!"

Mama Vifaranga alijizungushia waya shingoni, akaisukuma taa kwenye korido, gurudumu moja likilia njia nzima. Kwenye ngazi aliibeba kifuani, nzito, akishuka ngazi moja moja huku akipapasa kwa mguu. Karani alimfuata akipiga kelele, na madirisha ya wodi yakajaa vichwa.

Chini, mlinzi alisimama mbele yake na rungu. Alikuwa mzee kidogo, na uso wake ulionyesha kabisa kwamba kazi hii haikuwa ya kupenda. "Dada, irudishe. Usinitie matatani. Nina watoto."

"Na mimi nina mume. Nusu yake utaikuta kesho kwenye ndoo."

Mlinzi hakusogea, lakini rungu alilishusha. Kwa nyuma mlango wa chumba cha vidonda ukafunguka, na nesi akatoka. Alimtazama mlinzi, akamtazama karani anayehema, akaitazama taa. Miaka yote aliambiwa asiwe na mdomo, na akatii. Akashika nguzo ya taa upande mmoja, Mama Vifaranga akashika upande wa pili, wakaiingiza ndani na kuichomeka.

"Nitampigia Mkuu simu sasa hivi!" karani akasema.

"Mpigie," nesi akajibu. "Mwambie natibu." Kisha akaligeukia benchi. "Anayefuata!"

Hakuna aliyeinuka. Kijana alitazama mkono wake. Mwanamke mnene alimtazama mlinzi, kisha akatazama sakafu. Walikuwa wanahitaji kurudi hapa kesho, na keshokutwa, na kila mtu kwenye benchi lile alijua jina la mtu anayekumbukwa na wakubwa kwa ubaya linavyopotea kwenye foleni. Karani alikuwa tayari na simu sikioni.

Bibi mwenye magongo akajikohoza. Akaweka gongo la kwanza sakafuni, kisha la pili, akajiinua kwa taabu, na upindo wa gauni lake ukaning'inia mtupu upande wa kushoto.

"Tena mnanitazama nini?" akawaambia. "Mguu wenyewe ninao mmoja tu, na huu nao umeanza kuoza. Watakata upi mwingine? Nipisheni."

Mlinzi akampisha. Mama Vifaranga akamshika bibi mkono, akamwingiza, akafunga mlango kwa ndani.